Migongano kati ya mkimbiaji na mlinzi katika softiboli: tupeane uzoefu

Kocha wa Himbi

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote. Likizo kubwa inakaribia, na timu za mitaa yetu ya Goma zitakutana tena kucheza softiboli, mchezo wa gongo unaofanana na besiboli, ambamo mpigaji hukimbia akizunguka besi nne huku walinzi wakijaribu kumtoa, mara nyingi wasichana na wavulana katika kikosi kimoja, watoto wa miaka 12 pamoja na watu wazima. Kabla hatujapanga ratiba, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja: mkimbiaji na mlinzi wanapoihitaji njia ileile kwa wakati uleule, ni nani anayepaswa kumpisha mwenzake, na ninyi mmeona nini uwanjani.

Nalileta jambo hili kwa uzito kwa sababu ya ardhi tunayochezea. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikafika Ziwa Kivu, na mahali pengi watoto wetu wanakimbia juu ya mawe yaliyopondwa na changarawe nyeusi inayokwangua ngozi. Mgongano ambao kwenye nyasi ungeishia kwa mtu kuinuka na kujipangusa, kwetu huacha kidonda cha goti au kiwiko, na anayeanguka kichwa mbele anaangukia jiwe.

Kanuni zimegawa haki ya njia kulingana na mahali mpira ulipo, na nadhani anayelielewa hilo ameelewa karibu kila kitu. Mpira ukishapigwa na gongo, na mlinzi akawa anaufuata ili audake au auokote, njia ni yake. Mkimbiaji ndiye anayemzunguka, hata kama mlinzi huyo yuko kwenye mstari ulionyooka kati ya besi na besi. Mlinzi asiye na mpira mkononi, na ambaye hafuati mpira uliopigwa, hana haki ya kumfungia mkimbiaji njia, hata kama anasubiri mpira unaorushwa na mwenzake. Lakini mlinzi aliyekwisha kuushika mpira na kumsubiri mkimbiaji analindwa: mkimbiaji anaweza kuteleza chini, anaweza kumkwepa bila kutoka nje ya njia yake kwa zaidi ya futi 3, yaani sentimita 91 hivi, au anaweza kurudi alikotoka. Kuendelea wima na kumgonga kwa mwili hakuruhusiwi.

Anayeandika aeleze ilikuwa besi gani, mpira ulikuwa wapi wakati huo, mwamuzi aliamua nini, na baadaye timu ilibadilisha nini. Majina ya watoto na ya timu tuyaache.

Mwamuzi wa Katindo

Asante, Papa Kocha. Kisa ninachokikumbuka kuliko vingine kilitokea kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira ulipigwa chini kwa nguvu, ukadunda kuelekea kwa msichana aliyelinda upande huo, naye akasogea mbele na kuinama ili auokote. Mkimbiaji wa besi ya pili alikuwa amekwisha kuondoka, macho yake yote yakiwa kwenye besi ya tatu, akampiga kikumbo begani. Mpira ukapita chini ya glavu hadi nyuma kabisa, wakimbiaji wawili wakafika besi ya nyumbani, wanakopata pointi, na wenzao wakaanza kushangilia wakati mimi nimekwisha kuinua mikono kusimamisha mchezo.

Niliamua kwamba mkimbiaji ametolewa, kwamba mpira umekufa, yaani mchezo umesimama, tangu walipogusana, na kwamba mkimbiaji mwingine arudi kwenye besi aliyoigusa mwisho kabla ya tukio. Mpigaji akapewa besi ya kwanza. Upande ule ulilalamika sana. Hoja yao ilikuwa kwamba kijana alikimbia mstari ulionyooka na hakukusudia kumwumiza mtu. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililobadilisha uamuzi. Mpira uliopigwa unapofuatwa na mlinzi, kanuni haimwulizi mkimbiaji nia yake, inamtaka tu aone na aepuke. Wala si lazima waguse miili: mkimbiaji akimfanya mlinzi asite au abadilishe hatua, hilo latosha kuitwa kuingilia. Na kama ningeona amefanya hivyo ili kuvunja nafasi ya kutoa watu wawili kwa mpigo, ningemtoa pia mkimbiaji mwingine.

Wachezaji wengi hawajui kwamba zile futi 3 zinahesabiwa pale tu mkimbiaji anapomkwepa mlinzi mwenye mpira anayetaka kumgusa. Anayezunguka mbali ili asimsumbue mlinzi anayeokota mpira uliopigwa hatolewi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hakuna anachopoteza isipokuwa hatua chache, na kijana yule angepita nyuma ya msichana kwa urahisi kama angefundishwa kuutazama mpira unakoelekea kabla ya kuondoka.

Niongeze mambo mawili ambayo huleta ubishi. Walinzi wawili wakiukimbilia mpira mmoja, mwamuzi humlinda mmoja tu, yule ambaye kwa maoni yake ana nafasi bora ya kuupata. Mwingine akigongana na mkimbiaji, yeye ndiye aliyezuia. Na mlinzi akishaukosa mpira, ukamponyoka ukaenda mbali kuliko hatua moja na urefu wa mkono, haki yake ya njia inakwisha, na akimkimbilia mkimbiaji mwilini hawezi tena kudai kwamba ameingiliwa.

Mlinzi wa besi ya kwanza, Keshero

Mimi nacheza besi ya kwanza, na nadhani migongano mingi ya timu yetu imetokea hapo. Sababu yake ni ya vipimo. Besi ni mraba wa sentimita 38 kila upande. Mpigaji anakimbia mita 18 na kidogo kutoka nyumbani, na kanuni inamruhusu kuipita besi ya kwanza bila kusimama, kwa hiyo anafika kwa kasi yake yote. Mlinzi naye anaweka mguu kwenye besi hiyohiyo huku amenyoosha mkono na kugeuza uso kuelekea mpira unaotoka upande mwingine kabisa. Miguu miwili inagombea mahali pamoja, na mmoja wao hamwoni mwenzake.

Dada mmoja wa timu yetu alikanyagwa kifundo cha mguu kwa namna hiyo. Hakuna aliyekosea kanuni: mpira ulifika kwenye glavu yake karibu sawasawa na mkimbiaji, mwamuzi akasema mkimbiaji ametolewa, na wote wawili wakabaki chini. Huyo dada hakucheza kwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa anauondoa mguu kwenye besi mapema mno, akakosa mipira rahisi.

Baada ya hapo tukaanza kutumia besi pacha, ile ambayo kanuni za kimataifa za softiboli zinaitaka. Ni besi yenye upana mara mbili, sentimita 38 kwa 76, nusu yake nyeupe ikiwa ndani ya uwanja na nusu ya rangi ya machungwa ikiwa nje ya mstari. Mpira unapochezwa kwenye besi ya kwanza, mlinzi anakanyaga nyeupe na mkimbiaji anakanyaga ya machungwa, kila mmoja na upande wake. Kwa kuwa mwamba wetu haukubali kigingi, tulikata vipande viwili vya mpira wa tairi la lori, tukavishona pamoja na kuvipaka rangi. Tairi halitelezi juu ya changarawe kama linavyoteleza turubai, na ni bapa, kwa hiyo halimkwazi mtu. Tangu tuanze kuitumia, miguu haikanyagani tena, na mimi mwenyewe nabaki kwenye besi hadi mpira uingie mkononi.

Mama wa Majengo

Mimi si mchezaji, ila binti yangu anacheza. Naomba kuuliza: mtoto akisahau, akakanyaga sehemu nyeupe peke yake, je, anatolewa hapohapo? Na akishafika besi ya kwanza, anasimama kwenye rangi ipi?

Mwamuzi wa Katindo

Mama, hatolewi hapohapo. Kama mpira ulikuwa unachezwa kwenye besi ya kwanza na yeye akagusa nyeupe tu, anahesabiwa kama mtu aliyeikosa besi, na timu ya ulinzi inaweza kudai kabla hajarudi; wakidai kwa wakati, anatolewa, na wasipodai anabaki. Kama mpira umekwenda mbali nyuma na hakuna anayeuchezea besi ya kwanza, anaweza kukanyaga nyeupe na kuendelea kuelekea ya pili. Akishaipita besi na kurudi, mahali pake ni kwenye nyeupe peke yake, kwa sababu ya machungwa imekwisha kazi.

Mdakaji wa Ndosho

Mimi ni mdakaji, mlinzi anayekaa nyuma ya mpigaji, kwa hiyo kwangu ni besi ya nyumbani. Hapo ndipo pointi inapopatikana, na ndipo watu wazima wanaposahau kwamba wanacheza na watoto.

Katika mechi moja ya kirafiki mkimbiaji alitoka besi ya tatu wakati mpira unarushwa kutoka nyuma ya uwanja. Mdakaji wa upande wetu, kijana mwenye mwili, alikuwa amepiga magoti mbele ya besi na kuifunga yote, na mpira ulikuwa bado hewani. Mkimbiaji hakuwa na pa kupita. Akainamisha bega, wakagongana, na mpira ukaja ukampiga mkimbiaji mgongoni. Watu wa pande zote mbili waliingia uwanjani, kila upande ukidai haki.

Nikieleza jinsi ninavyoielewa kanuni, makosa yalikuwa mawili yaliyofuatana. Mdakaji alizuia njia bila kuwa na mpira, na kusubiri mpira unaokuja hakumpi ruhusa hiyo. Mwamuzi alipaswa kunyoosha mkono wa kushoto wenye ngumi, kuonyesha kwamba ameona kizuizi lakini mchezo uendelee, kisha mwishoni ampe mkimbiaji besi ambayo angeifikia kama asingezuiwa, yaani nyumbani. Lakini uzembe wa mdakaji haukumpa mkimbiaji ruhusa ya kumgonga kwa makusudi. Angeweza kupunguza kasi au kuzunguka, na pointi angepewa vilevile. Yule aliyeinamisha bega alistahili kufukuzwa mchezoni.

Watu wa besiboli walichelewa kulikubali hili. Kwa miaka mingi kumgonga mdakaji kulihesabiwa kuwa ushujaa. Katika mechi ya nyota wa Marekani ya mwaka 1970, iliyochezwa Cincinnati, Pete Rose alimgonga Ray Fosse kwenye besi ya nyumbani na kupata pointi ya ushindi, na Fosse akaumia bega. Tarehe 25 Mei 2011 mdakaji wa San Francisco, Buster Posey, alivunjika mguu na kukatika kano za kifundo katika mgongano wa aina hiyo, na msimu wake ukaishia hapo. Kanuni ya kumzuia mkimbiaji asitoke kwenye njia yake kwenda kumtafuta mdakaji, na kumzuia mdakaji asiifunge njia bila mpira, ilianza katika ligi kuu ya huko mwaka 2014. Softiboli yetu ilikuwa na kanuni ya mgongano kabla ya hapo, na nasikitika ninapoona vijana wakitazama video za zamani kwenye simu na kuja kuziiga.

Sisi tulichukua hatua zaidi, kwa mfano wa ligi za watu wazima wanaocheza kwa kujiburudisha. Tulipiga mstari wa chokaa kwenye njia ya kutoka besi ya tatu, kiasi cha mita 6 kabla ya nyumbani. Mkimbiaji akishauvuka hawezi kurudi, na mdakaji hamgusi tena mwilini: anatosheka kukanyaga besi ya nyumbani akiwa na mpira kabla mkimbiaji hajafika. Mkimbiaji naye ana besi yake ya pili ya nyumbani, iliyowekwa kando, ili wasikutane kabisa. Wapo waliosema mchezo umepoteza utamu. Mimi ndiye ninayepiga magoti pale, na nimeona mdakaji anayejua kwamba hatagongwa akiudaka mpira vizuri zaidi.

Mchezaji wa zamani, Birere

Nimesoma yote kwa makini na nakubaliana na mengi, ila nina wasiwasi. Wanangu, msije mkaandika kwamba kila mkimbiaji lazima ateleze chini. Kuteleza juu ya changarawe ya lava kunachubua paja lote, na nimeona kijana akitembea kwa shida wiki nzima kwa sababu kocha alimlazimisha. Zaidi ya hayo, mwenye kasi ni kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa mzigo kwenye mteremko, haiwezi kusimama papo hapo. Mkimlaumu mkimbiaji kwa kila mgusano, mtaiua hamu yao ya kukimbia.

Kocha wa Himbi

Papa, nakushukuru, na nakubaliana nawe kuhusu kuteleza. Kanuni ya mgongano haimlazimishi mtu kuteleza. Inamkataza tu kubaki wima na kumwangukia mlinzi mwenye mpira. Na si kila mgusano ni kosa. Mlinzi na mkimbiaji wanaweza kugusana, kila mmoja akifanya lililo halali yake, na mwamuzi akaacha mchezo uendelee. Kuhusu lawama, hapo natofautiana nawe kwa heshima: kwa kuwa mwenye kasi hawezi kusimama ghafla, lazima atazame mapema, na mlinzi asiye na mpira lazima aondoke mapema. Wajibu uko pande zote mbili. Kule ambako kuteleza hakukwepeki, kama besi ya pili na ya tatu ambazo mkimbiaji akizipita anaweza kuguswa na kutolewa, tunaweza kumwaga mchanga mzito kuzizunguka na kuwataka wakimbiaji wavae suruali ndefu.

Kaka wa Kadutu, Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Uwanja wetu una mteremko, kama sehemu kubwa ya mji wetu, na besi ya pili iko chini kuliko ya kwanza, kwa hiyo mkimbiaji anafika akiwa na kasi kuliko anavyotaka. Jambo ambalo halijatajwa ni mlinzi anayejifanya ana mpira. Anainamisha glavu kana kwamba anamgusa mkimbiaji, mkimbiaji anaogopa na kuteleza bila sababu, na mpira uko kwingine kabisa. Kwetu kijana aliteleza kwa udanganyifu huo akaumia kiganja.

Kanuni inahesabu kitendo hicho kuwa kizuizi, hata kama hakuna aliyeguswa, na mwamuzi anaweza kumpa mkimbiaji besi ambayo angeifikia. Ikiwa kimefanywa kwa ubaya, mlinzi anafukuzwa mchezoni. Naomba mwamuzi akitaje kabla ya kila mechi, kwa sababu watoto wanakiona kuwa ujanja mzuri.

Mwalimu wa michezo, Virunga

Nafundisha watoto ambao karibu wote walianza na kandanda, na naona tabia zao zinatoka huko. Katika kandanda bega kwa bega linaruhusiwa wakati wachezaji wanagombea mpira, na anayeogopa bega anaitwa mwoga. Mtoto huyo akija kwenye softiboli na kumkuta mlinzi mbele yake, mwili wake unafanya ulichozoea kabla akili haijafikiri. Kumwambia kanuni kwa maneno hakutoshi, mwili wake unahitaji zoezi jingine.

Zoezi letu ni rahisi. Naweka mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu, mkimbiaji kwenye besi ya pili, nami narusha mpira chini, mara upande wa mlinzi, mara mbali naye. Mkimbiaji lazima aseme kwa sauti neno moja kabla ya hatua yake ya pili: "nyuma" kama atapita nyuma ya mlinzi, au "mbele" kama mlinzi amerudi nyuma na nafasi iko mbele. Mwanzoni wanachelewa, na nawaacha wachelewe. Baadaye neno linatoka lenyewe na miguu inalifuata. Walinzi nao nawafundisha kuita "Yangu!" mapema, si kwa ajili ya wenzao peke yao, maana mkimbiaji naye anaisikia sauti hiyo na kujua ni nani anayepaswa kupishwa.

Wasichana waliocheza nzango, mchezo wa kuruka na kurusha miguu wa huku Kongo, wananipa moyo sana. Katika nzango wanasimama uso kwa uso na wapinzani, wanaruka na kubadilisha mguu kwa wakati bila kugusana, na uwezo huo wa kuhama kwa hatua ndogo wanakuja nao. Kwenye besi ya kwanza mara nyingi nawapanga wao.

Na yule kocha anayesimama karibu na besi ya tatu asikae kimya. Mkimbiaji anayetazama nyuma ili auone mpira hawezi kumwona mlinzi aliye mbele. Kocha akimwonyesha kwa mikono miwili iliyoinuliwa kwamba asimame, au kwa mikono inayoshuka kwamba ateleze, mkimbiaji hatakuwa na haja ya kugeuza shingo.

Muuguzi wa Himbi

Nawasomea kwa furaha, na naomba niseme machache kuhusu kichwa. Kofia ngumu wanayovaa wapigaji na wakimbiaji inamlinda aliyeivaa, lakini mlinzi wa besi hana kofia, na kofia ya mkimbiaji inapogonga paji la uso au mdomo wa mlinzi, madhara yanakuwa makubwa kuliko kichwa kwa kichwa kitupu. Baada ya mgongano wowote wa kichwa, hata kama mchezaji anasema yuko sawa, atoke na asirudi kucheza siku hiyo. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa damu, na mchezaji anayesema yuko sawa huenda hakumbuki hata matokeo ya mechi.

Akitapika, akilalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, akichanganya maneno au kulegea upande mmoja, apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri mechi iishe. Aliyebaki chini na kulalamika shingo asiinuliwe na wenzake kwa kuvutwa mikono, kama ninavyoona mara nyingi. Abaki hapo, kichwa kisitikiswe, hadi aje mtu anayejua. Vidonda vya lava vioshwe kwa maji safi mengi na sabuni siku hiyohiyo, kwa sababu vumbi jeusi linabaki ndani ya ngozi.

Kocha wa Himbi

Nimepata zaidi ya nilichotarajia. Kwa mechi za likizo napendekeza besi pacha katika viwanja vyote, mstari wa mita 6 na besi ya kando ya nyumbani kwa mechi ambazo watoto wanacheza na watu wazima, na dakika chache kabla ya kila mechi ambapo mwamuzi atasimama na timu zote mbili na kuonyesha kwa vitendo nani anampisha nani. Kwa mechi za watu wazima peke yao, mstari huo tuuache na kanuni ya kawaida ifuatwe. Tairi la lori ninalo, na dada wa Keshero amekubali kutuonyesha namna ya kulishona. Rangi ya machungwa bado haijapatikana, mwenye nayo aniandikie.

Mlinzi wa besi ya kwanza, Keshero

Nitakuja na sindano na uzi wa mshona viatu. Ila kabla hatujamaliza, Papa Mwamuzi, kuna hali moja inayonitatiza. Mpira unarushwa vibaya, unanivuta nje ya mstari, upande wa machungwa, na mkimbiaji anakuja palepale. Nirudi kwenye nyeupe nipishane naye mbele ya kifua chake, au nibaki?

Mwamuzi wa Katindo

Baki, dada. Mrusho mbaya ukikuvuta nje ya mstari, au mpira ukirushwa kutoka upande huo wa nje, kama mdakaji anapoufuata mpira uliomponyoka nyuma yake, wewe na mkimbiaji mnaweza kutumia rangi yoyote kati ya hizo mbili. Basi paza sauti mapema, "Nje!", ili mrushaji ajue anakulenga wapi na mkimbiaji ajue kwamba upande mweupe umeachwa wazi kwa ajili yake. Nami nitawaeleza wakimbiaji kabla ya mechi kwamba wakilisikia neno hilo, wahamie ndani.